Mkuki na Nyota

Mkuki na Nyota ni kampuni ndogo ya uchapishaji wa vitabu yenye makao yake Dar es Salaam, Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, ambaye kabla ya hapo aliliongoza shirika la umma la Tanzania Publishing House, maarufu kwa kifupi TPH, tangu mwaka 1972 hadi mwaka 1990. Huitwa kampuni huru kwa sababu si mali ya serikali, ya chama cha siasa wala ya dhehebu la dini, na wala si tawi la kampuni ya kigeni. Vitabu vyake ni vya namna nyingi mno kwa kampuni ya ukubwa huo: riwaya na diwani za Kiswahili, historia, siasa na uchumi, tawasifu za viongozi, hadithi za watoto, pamoja na vitabu vya sanaa. Mchanganyiko huo, ambao kwa mtazamo wa haraka huweza kudhaniwa kuwa ni kukosa mwelekeo, unaeleweka vizuri zaidi ikiwa historia ya TPH itatangulizwa.

TPH ilianzishwa mwaka 1966 kwa ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kimbilio la wapigania uhuru kutoka kusini mwa bara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa uwanja wa mijadala mikali kuhusu ujamaa na ubeberu. TPH iliyachukua yaliyosemwa katika mijadala hiyo na kuyatia katika vitabu. Mwaka 1972, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, ilitoa How Europe Underdeveloped Africa, kitabu cha Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha chuoni hapo. Mwaka 1974 ikatoa kwa Kiingereza mashairi ya Agostinho Neto, ambaye mwaka uliofuata alikuwa rais wa kwanza wa Angola. Na mwaka 1976 ikatoa Class Struggles in Tanzania cha Issa Shivji, kitabu kilichoihoji dola ileile iliyokuwa na shirika hilo. Kwa upande wa fasihi ilichapisha riwaya za Adam Shafi wa Zanzibar, Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1980, pamoja na uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni, iliyadhoofisha mashirika mengi ya umma, na TPH haikusalimika. Bgoya alipoondoka aliubeba urithi huo wa fikra, lakini safari hii bila mtaji wa serikali.

Wakati wa kuanzishwa kwa Mkuki na Nyota, Tanzania ilikuwa ikiufungulia milango uchapishaji binafsi wa vitabu vya kiada, yaani vile vinavyofundishiwa darasani kwa kufuata mtaala, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa mikononi mwa vyombo vya dola. Katika Afrika Mashariki soko hilo ndilo linalowalisha wachapishaji wengi, kwa kuwa kitabu kimoja kikikubaliwa shuleni huuza nakala nyingi kuliko riwaya kumi zilizoandikwa vizuri. Mchapishaji anayeweka nguvu zake nje ya soko hilo hubeba hasara peke yake, kwani yeye, tofauti na mpiga chapa anayelipwa kwa kazi ya mashine, ndiye anayegharimia uhariri, usanifu wa kurasa, jalada na uchapaji, kisha akasubiri mauzo ambayo kutokana nayo humlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya bei ya kila nakala inayouzwa. Gharama za kukihariri na kukisanifu kitabu ni zilezile, ziwe nakala zitakazochapwa ni mia tano au elfu tano, na kwa hiyo kitabu chenye wasomaji wachache hakiwezi kuwa na bei nafuu. Hapa ndipo uanuwai wa orodha ya Mkuki na Nyota unapopata sababu yake ya kibiashara: kitabu kimoja kinachopata wanunuzi wengi hukibeba kingine ambacho wasomaji wake ni wachache lakini ambacho lazima kiwepo.

Mfano mzuri wa kitabu cha aina ya kwanza ni Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa mwaka 1999, ambayo inasimulia maisha ya Zanzibar katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza kupitia Yasmin, msichana wa Kihindi anayeikimbia ndoa aliyolazimishwa, na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za kudai uhuru. Riwaya hiyo iliingia katika orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili vinavyosomwa katika sekondari ya juu nchini Tanzania, na mwaka 2021 ilitolewa filamu yenye jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji. Kwamba mwandishi aliyeanzia TPH alikuja kutoa riwaya hiyo kwa Mkuki na Nyota kunaonyesha jinsi waandishi walivyomfuata mhariri waliyemwamini.

Kisa cha Aniceti Kitereza kina uzito wa namna nyingine. Mzee huyo wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa lugha yake ya Kikerewe kuhusu mke na mume waliokosa mtoto kwa muda mrefu, akieleza ndani yake kilimo, uvuvi, tiba, ndoa na adabu za Wakerewe. Hakuna aliyekuwa tayari kukichapisha kitabu katika lugha yenye wasemaji wachache kiasi hicho, na kwa hiyo Kitereza mwenyewe akakifasiri kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilitolewa na TPH mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki dunia. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ikatoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwanariwaya ambaye naye ni mwenyeji wa Ukerewe, kutoka katika Kikerewe chenyewe. Hakuna hesabu ya faida inayoweza kueleza kwa nini kampuni ndogo ikubali kazi kubwa kama hiyo. Inaelezwa tu na imani kwamba kazi ya Kitereza ni miongoni mwa nguzo za fasihi ya Afrika.

Katika historia na siasa kampuni imekuwa hazina ya kumbukumbu za Tanzania. Mwaka 2007 ilitoa mkusanyo wa makala kuhusu historia ya jiji la Dar es Salaam uliohaririwa na James Brennan, Andrew Burton na Yusuf Lawi. Mwaka 2008 kitabu cha Issa Shivji kuhusu Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Na mwaka 2014 majuzuu tisa ya nyaraka na simulizi za ukombozi wa kusini mwa Afrika, zilizokusanywa chini ya mradi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika uliopewa jina la Hashim Mbita, katibu mtendaji wa mwisho wa Kamati ya Ukombozi. Mwaka 2020 ulitoka wasifu wa Julius Nyerere katika majuzuu matatu, Development as Rebellion, ulioandikwa na Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, ambao unamsifu Mwalimu panapostahili na kumkosoa bila kificho panapobidi.

Kazi hizo karibu zote ziko katika Kiingereza, na hilo ni pengo la kusikitisha, maana Mtanzania anayesoma Kiswahili tu hukuta historia ya nchi yake imefungiwa katika lugha asiyoimudu. Tawasifu za marais wawili zinaonyesha pande zote mbili za jambo hili: ile ya Benjamin Mkapa ilitolewa mwaka 2019 kwa Kiingereza, ilhali ya Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa, ilitoka mwaka 2021 kwa Kiswahili na ikazinduliwa Mei 8, siku mwandishi alipotimiza miaka 96. Ushairi, kwa bahati njema, umebaki katika Kiswahili. Kampuni imechapisha diwani zilizoshinda Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiafrika, zikiwemo N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, Mpemba anayeishi Ujerumani, na Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto.

Nje ya Afrika vitabu vya kampuni husambazwa na African Books Collective, umoja unaomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe, uliobuniwa mwaka 1985 na kuanza biashara Oxford mwaka 1990, ambao Bgoya ni mmoja wa waasisi wake. Umoja huo hutumia uchapaji kwa oda, yaani utaratibu wa kuchapa nakala baada ya mnunuzi kuiagiza, ambao huepusha gharama za ghala na kukifanya kitabu kisiishe sokoni. Ndani ya nchi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa maduka yanayouza vitabu visivyo vya shule ni machache na mengi yako mijini. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuvipata katika duka la TPH lililopo Mtaa wa Samora, lakini wa Kigoma au Mtwara hutegemea kuagiza kutoka mbali, na mpaka usambazaji huo wa ndani utakapopata suluhisho, kampuni itaendelea kufahamika zaidi katika vyuo vikuu vya ng'ambo kuliko katika wilaya nyingi za Tanzania.