Na Sisi Tumo Humo? Thorncliffe Park na Orodha za Vyuo Vikuu

Kila mwaka majani yanapoanza kupukutika na watu kuyatoa makoti kabatini, hapa Thorncliffe Park huzuka mazungumzo yaleyale. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la 12 hukutana na mwenzake kwenye lifti, au kwenye foleni ya nyama, na kabla salamu hazijaisha swali limeshatoka: hivi chuo cha kwanza mwaka huu ni kipi?

Mwaka juzi jirani yangu mmoja, mama wa Kitanga ambaye mimi humwita dada, alinigongea mlango akiwa na karatasi aliyochapiwa na binti yake. Ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilionyesha nafasi ya kila chuo kitaaluma, ya pili mchanganyiko wa wanafunzi. "Mwalimu," akaniambia (hapa jengoni bado wananiita mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani), "hiki chuo wanakisifu kwa elimu na wanakisifu kwa kuwa na watu wa kila taifa. Na sisi tumo humo?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba bila shaka tumo. Alipoondoka nikaitazama tena ile karatasi, maana aliisahau mezani, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa la uvivu. Kichwa cha safu ya pili hakikusema mchanganyiko. Kilisema wanafunzi wa kigeni. Binti yake kaletwa hapa akiwa mchanga, ana uraia wa Kanada, na kwa hesabu ile si mgeni. Basi makala haya ni jaribio la kumjibu dada yangu kwa utulivu zaidi.

Tuanze na orodha zenyewe. Hapa Kanada mchezo huu ulianzishwa na jarida la Maclean's mwaka 1991. Tofauti na Marekani, ambako vyuo vingi vyenye jina ni vya watu binafsi, vyuo vikuu vya Kanada karibu vyote ni vya umma, vinalipiwa na serikali za majimbo. Kwa hiyo jarida lilikuwa linawapanga ndugu wa baba mmoja, nani mkubwa nani mdogo, na kelele zilipigwa kama zinavyopigwa katika familia yoyote. Mwaka uliofuata, 1992, wakavigawa katika makundi matatu: vyenye shule za udaktari, vyenye masomo mengi bila udaktari, na vile vinavyojishughulisha zaidi na shahada ya kwanza. Katika kundi la kwanza Chuo Kikuu cha Toronto, kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1827, kilikaa kileleni au karibu yake mwaka baada ya mwaka.

Walipima nini? Alama za wanaoingia, wangapi wanamaliza, ukubwa wa madarasa, tuzo za maprofesa, vitabu vya maktaba, na sifa ya chuo mbele za watu. Ndani ya fungu la wanafunzi, katika miaka ya 1990, vilikuwamo pia vipimo viwili vilivyogusa mchanganyiko: asilimia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliotoka nje ya jimbo, na asilimia ya wanafunzi wa kigeni katika shahada za juu.

Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Kijana aliyetoka Alberta, ambaye wazee wake wamekaa kwenye shamba moja vizazi vitatu, anapokuja kusoma Toronto anaongeza mchanganyiko wa chuo. Mwanafunzi aliyefika kwa viza kutoka Nairobi kusomea uzamivu, naye anaongeza. Lakini mtoto aliyezaliwa Mwanza, au Kabul, au Karachi, akalelewa katika ghorofa ya 14 hapa kwetu, akavuka bonde la mto Don kwa basi kwenda kusoma, huyo ni mtoto wa Ontario. Anahesabika sifuri. Mtaa ambao ndani ya lifti moja utasikia Kiurdu, Kipashto, Kidari, Kigujarati na Kiswahili ulikuwa, kwa kipimo kile, hauna la kuongeza.

Orodha za kimataifa za siku hizi, kama ya QS na ile ya Times Higher Education, nazo huhesabu wanafunzi wa kigeni na kuwapa alama. Na mwanafunzi wa kigeni ana bei. Mwaka 2019 serikali ya Ontario ilipunguza ada ya wenyeji kwa asilimia 10 kisha ikaigandisha, na vyuo vikazidi kuwategemea wageni wanaolipa mara kadhaa zaidi. Januari 2024 serikali kuu ikatangaza kikomo cha vibali vya wanafunzi. Safu ya mchanganyiko ikipungua baada ya hapo, isidhaniwe kwamba kuna mtu wa Thorncliffe Park aliyehama.

Vyuo vyenyewe viliwahi kugoma. Agosti 2006 vyuo vikuu 11, Toronto kikiwa kimojawapo, viliiandikia Maclean's kwamba havitaipa tena takwimu, na baadaye vingine vikajiunga. Walisema kuchanganya vipimo visivyolingana na kutoa namba moja ni kumpotosha mzazi. Walisema kweli. Nawapa heshima zaidi kwa sababu aliyegoma hakuwa wa mwisho tu. Hata wa mbele waligoma. Lakini katika malalamiko yao nililisikia zaidi suala la heshima ya vyuo, na suala la nani hahesabiwi sikulisikia sana. Jarida halikutetereka, likaendelea kwa takwimu zinazopatikana hadharani.

Sasa niseme kidogo kuhusu mtaa wetu, maana una historia yake na mambo ya kupanga nafasi. Mahali hapa palikuwa uwanja wa mbio za farasi, uliofunguliwa mwaka 1917 na kufungwa mwaka 1952. Baadaye yakajengwa maghorofa ya kupangisha, na barabara yetu kubwa inazunguka kama kwato. Vijia viwili bado vina majina ya uwanja ule, Grandstand Place na Milepost Place: jukwaa la watazamaji, na nguzo ya kupimia maili. Watoto wanacheza mpira pale bila kujua kwamba watu waliwahi kuweka dau papo hapo.

Na wazee wao, kabla ya kufika, nao walipangwa kwa alama. Mwaka 1967 Kanada iliacha kuchagua wahamiaji kwa nchi walizotoka na kuanza mfumo wa pointi. Alama 100 kwa jumla, ukipata 50 umepita. Elimu peke yake ilikuwa na hadi alama 20. Idi Amin alipotangaza Agosti 1972 kuwa Waasia wa Uganda wana siku 90 za kuondoka, Kanada ilifungua ofisi Kampala na kuwapokea karibu 6,000 kabla ya muda kwisha, wengine walifuata. Wakaja pia wa Tanzania na Kenya, kwa hofu au kwa hesabu zao wenyewe. Wengi katika Waismailia hao walikaa Don Mills, Flemingdon Park na hapa. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye lifti hizi kabla ya wengi wetu tuliokuja na ndege za miaka ya 1990, na mtu akishangaa kumsikia bibi wa Kihindi akimgombeza mjukuu kwa Kiswahili cha Kariakoo, ajue bibi ndiye mwenyeji.

Aliyeyaandika maisha hayo ni M. G. Vassanji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani hadi uzamivu, akaja Kanada mwaka 1978 na kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Toronto hadi 1989. Riwaya yake No New Land ilitoka mwaka 1991, mwaka uleule wa orodha ya kwanza ya Maclean's. Familia ya Nurdin Lalani kutoka Dar es Salaam inaishi katika jengo namba 69 la mtaa unaoitwa Rosecliffe Park, na msomaji wa hapa hahitaji kuambiwa Rosecliffe ni wapi. Nurdin anazunguka kutafuta kazi na kukwama kwenye uzoefu wa Kikanada asiokuwa nao. Tangu hapo ni wangapi tumeambiwa hivyo? Alama zilizokupitisha kwenye ubalozi hazikufungui mlango ukishafika, unaishia kubeba boksi na vyeti vyako viko chini ya kitanda. Ilifika Julai 2013 ndipo Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ikatoa sera kwamba kudai uzoefu wa Kikanada, kwa kawaida, ni ubaguzi.

Ndiyo maana mama huyu anaitazama ile orodha kwa macho makali. Yeye alishapimwa, akapita, halafu kipimo kikageuka.

Swali lake lilinikumbusha mjomba wangu, na hapa naomba msomaji turudi nyumbani kidogo. Tarehe 28 Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Kilikuwa chuo kimoja chenye matawi matatu. Makerere, kilichoanza mwaka 1922 na vijana 14 wa ufundi, kilikuwa na udaktari na kilimo. Nairobi ilikuwa na uhandisi na udaktari wa mifugo. Dar es Salaam ilikuwa na sheria, iliyoanza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nayo kwa wanafunzi 14. Mtu wa Nyeri akitaka uwakili aende Dar. Mtu wa Bukoba akitaka kutibu ng'ombe aende Nairobi. Mjomba alitaka kujenga madaraja, akapelekwa Nairobi, akarudi na shahada na Kikikuyu cha kununulia ndizi.

Hakukuwa na jarida la kuwapa alama za mchanganyiko. Mchanganyiko ulikuwa ndiyo namna chuo kilivyojengwa. Huwezi kusoma bila kukaa na mwenzako wa nchi nyingine. Lakini kuhesabiana kulikuwapo, tena kwingi. Kila serikali iliangalia vijana wake wangapi wako wapi na fedha yake inasomesha wa nani. Kila nchi ikataka madaktari wake na shule yake ya udaktari. Hadi tarehe 30 Juni 1970 chuo kikavunjwa, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya taifa. Wapo wasemao ilikuwa lazima, kwamba nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi tatu. Sawa. Mimi naona tulipoteza kitu, na mjomba hadi anakufa alikuwa akisema vivyo hivyo.

Tukirudi Toronto, kuna hesabu nyingine ambayo haimo katika orodha za vyuo, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Inatoka chini, mashuleni. Bodi ya shule za umma ya Toronto ilianza sensa ya wanafunzi wake mwaka 2006, ikiuliza asili na hali ya nyumbani. Mwaka 2017 Profesa Carl James wa Chuo Kikuu cha York alitumia takwimu za bodi katika ripoti yake kuhusu watoto weusi. Waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 69, wazungu 84, na wenzao wa rangi nyingine 87. Wanafunzi weusi waliokuwa katika masomo yanayoelekea chuo kikuu walikuwa asilimia 53, wazungu 81. Yaani mlango wa chuo ulikuwa ukifungwa darasa la tisa, mtoto ana miaka 14, kwa kupelekwa mkondo wa chini. Ontario ilianza kuiondoa mikondo hiyo ya darasa la tisa kwa hisabati mwaka 2021, na masomo mengine mwaka 2022.

Katika mtaa wetu jambo hili lina sura yake. Marc Garneau Collegiate, sekondari yetu pale Overlea, ina programu maarufu ya sayansi ya kuingia kwa maombi, inayovuta watoto hata kutoka mitaa ya mbali. Jengo moja, na korido moja ambamo mtoto wa jirani huenda asiwe kwenye darasa linalosifiwa. Ukiitazama shule kwa jumla utasema ina mchanganyiko wa ajabu, na ni kweli. Inategemea tu umesimama mlango upi.

Vyuo vikuu, kwa upande wao, havikuuliza kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha Toronto kilianza sensa ya usawa kwa wanafunzi wake mwishoni mwa mwaka 2020, na kujibu ni hiari. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kujua watoto wangapi wa mitaa kama yetu wamo ndani alibaki kukisia kwa kutazama nyuso uwanjani.

Basi nilipanda ghorofa mbili, nikamrudishia dada karatasi yake, nikamwambia: mtoto akiingia atakuwamo, lakini si katika safu hii. Safu hii inahesabu wageni, na wewe si mgeni tena. Alicheka kwa sauti. "Leo ndiyo naambiwa si mgeni!" Halafu akaniuliza, katika zile alama walizonipa mimi ubalozini, za lugha zilikuwa za lugha gani? Nikamwambia Kiingereza na Kifaransa.

Binti alikuwa kimya muda wote, yuko kwenye simu anatafuta njia. Basi namba 81 hadi stesheni ya Pape, kisha treni ya chini ya ardhi hadi St George. Alishakata shauri tangu kabla mama yake hajanigongea mlango, na alichokuwa akitaka kujua ni kama basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa linajaa.