"Prize": Zawadi, Tuzo au Ngawira?

Ukifungua kamusi, neno la Kiingereza "prize" utalikuta limefasiriwa zawadi au tuzo. Kwa Tuzo ya Nobel aliyopewa Abdulrazak Gurnah mwaka 2021, hakuna ubishi. Lakini mwanachama anayekwenda Kew kusoma majalada ya Jeshi la Majini kuhusu Unguja atalikuta neno hilo mahali ambapo hakuna aliyetuzwa.

Kwa asili ni maneno mawili. La kwanza latokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya thamani. La pili, na neno lenye maana ya kukamata. Tahajia ndiyo iliyoyachanganya. Baharini, "prize" ni chombo kilichotekwa, na zamani mabaharia waligawana fedha zake kwa vyeo.

Katika karne ya 19, manowari za Uingereza zilipowinda majahazi ya watumwa pwani kwetu, sheria iliyotungwa London iliwawekea mabaharia malipo: pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au wakipenda, pauni 4 kwa kila tani ya chombo. Hapo ndipo palipoingia utata. Jahazi lilipimwa, kisha mara nyingi likachomwa moto huko huko baharini. Mahakamani vikafika vipimo na maelezo ya waliokamata; chombo chenyewe kilikuwa majivu. Wafanyabiashara wa Unguja walilalamika kwamba majahazi yao ya halali yaliteketezwa hivyo. Makapteni Sulivan na Colomb walieleza uwindaji huo katika vitabu vyao, vyote vilivyotoka London mwaka 1873.

Sisemi kazi ile ilikuwa bure. Watu walitoka utumwani kweli, wengine wakapelekwa Aden, Bombay na Shelisheli. Ila waliohesabiwa pauni 5 ni wao, na waliolipwa ni mabaharia.

Kiswahili hakina kificho hapa. Tuzo latokana na kutuza: mtu kacheza ngoma au kaimba, watu wameridhika, wanamtuza. Thawabu twaitarajia kwa Mungu. Kinachotwaliwa kwa nguvu ni ngawira, na hilo ndilo neno ninalopendekeza kwa majalada yale. Atakayeandika kwamba manowari "ilipata zawadi ya jahazi" atamfanya msomaji wa Pangani adhani mwenye jahazi alilitoa kwa mkono wake.