Kutoka Redio hadi Simu ya Mkononi: Mafunzo ya Vita Viwili vya Cabo Delgado

Vita vya msituni ni vita vya wachache dhidi ya dola yenye majeshi. Mpiganaji wa msituni hana ndege wala vifaru. Ngao yake ni umma unaomficha, unaomlisha na unaomwambia adui yuko wapi. Ndiyo maana tangu mwanzo vita vya aina hii vimekuwa pia vita vya habari: nani anaaminiwa na wanakijiji, na nani anawafikia kwanza.

Tunaandika haya kwa sababu ya swali tuliloulizwa darasani na kijana mmoja. Alitaka kujua: kama wapiganaji wa FRELIMO wangekuwa na simu za mkononi mwaka 1964, je, Mreno asingeondoka mapema zaidi? Swali hili si la mchezo. Vijana wetu wengi wanaamini kwamba chombo ndicho kinacholeta ushindi. Yafaa basi tulitazame kwa msaada wa historia, na tuitazame ardhi moja iliyopiganiwa mara mbili, yaani jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Sauti kutoka Dar es Salaam

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya uongozi wa Ndugu Eduardo Mondlane. Tarehe 25 Septemba 1964 ilianza vita vya silaha kwa kushambulia kituo cha utawala wa Kireno huko Chai, Cabo Delgado. Mkulima wa Mueda hakuhitaji redio kumweleza ubaya wa ukoloni. Alikuwa ameuona tarehe 16 Juni 1960, Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Alichokosa ni kujua kwamba hayuko peke yake, kwamba mwenzake wa Niassa naye ameinuka.

Jambo hilo alilijua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kada aliyefika kijijini kwa miguu. Ya pili ni matangazo ya FRELIMO yaliyorushwa kwa mitambo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilikuwa na tabia mbili zinazofaa kukumbukwa. Kwanza, sauti ilikuwa moja na masikio mengi; chama ndicho kilichoamua la kusema. Pili, redio haikumsaliti msikilizaji. Inapokea tu, haitoi ishara yoyote, hivyo mkoloni hakuweza kujua kwa mitambo ni nani anasikiliza usiku ndani ya nyumba yake.

Mreno naye hakulala. Mwaka 1969 Lazaro Nkavandame, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa FRELIMO katika Cabo Delgado, alijisalimisha kwa Wareno, nao wakamtumia katika propaganda yao kuwashawishi Wamakonde waache vita. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alipeleka makumi ya maelfu ya askari katika operesheni kubwa kaskazini, na pamoja na mabomu ndege zake zilidondosha vipeperushi vya kuwataka wapiganaji wajisalimishe. Vita havikukoma. Kwa nini? Kwa sababu katika maeneo yaliyokombolewa wananchi walikuwa na shule, zahanati na maduka yao wenyewe. Kipeperushi kilibishana na jambo ambalo mwananchi alikuwa akiliona kwa macho yake, na kipeperushi kikashindwa.

Miezi saba ya Wiriyamu

Tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Kireno waliua mamia ya wanakijiji huko Wiriyamu, jimbo la Tete. Mapadri waliokuwa karibu walikusanya majina ya waliouawa. Habari hiyo ilichapishwa katika gazeti la The Times la London tarehe 10 Julai 1973, siku chache kabla ya Waziri Mkuu wa Ureno, Marcelo Caetano, kuzuru Uingereza. Ilipita karibu miezi saba, lakini pigo lilikuwa zito, kwa sababu orodha ya majina haikuweza kukanushwa kwa urahisi. Kilichoipa habari ile nguvu ni ukweli wake. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Aprili 1974, maofisa waliochoshwa na vita vya Afrika waliupindua utawala wa Caetano, na ishara yao ya kuanza ilikuwa wimbo uliopigwa redioni. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Lakini hatuna budi kuwa wakweli. Silaha hii haina itikadi. Mwaka 1976 utawala wa walowezi wa Rhodesia ulianzisha redio ya kuipinga serikali changa ya Msumbiji, na katika mazingira hayo hayo RENAMO ikalelewa. Mwaka 1994 huko Rwanda redio ya RTLM iliwachochea watu kuwaua jirani zao. Ulikuwa ufundi uleule wa sauti moja na masikio mengi, ukitumika kwa kazi ya shetani.

Ardhi ile ile, chombo kingine

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Mwaka 2019 kundi linalojiita Dola ya Kiislamu, lililoanzia mbali sana na Ruvuma, lilianza kudai mashambulizi ya jimbo hilo kuwa ni yake. Agosti 2020 waasi waliuteka mji huo, na Machi 2021 wakaushambulia mji wa Palma, karibu na mradi mkubwa wa gesi. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Mamia ya maelfu ya watu wamepoteza makazi yao. Na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa pia. Kwa hiyo hatusemi habari za ugenini.

Tukilinganisha vita hivi viwili, tunaona mabadiliko matatu.

La kwanza ni mwendo. Kilichochukua miezi saba kutoka Wiriyamu hadi London, leo huchukua dakika. Muuaji mwenyewe hupiga picha na kuzisambaza kabla serikali haijatoa tamko.

La pili ni chanzo cha sauti. Kila mwenye simu ni mtangazaji. Kikundi kidogo kijijini kinaweza kujiunganisha na jina kubwa la mbali bila kuwa na makao makuu wala mitambo ya kurushia, na jina hilo likakifanya kionekane kikubwa kuliko kilivyo.

La tatu ni kwamba chombo sasa kinaweza kumsaliti mwenye nacho. Simu inayopokea pia inatoa ishara. Hata ikiwa mfukoni hujitambulisha kwa mnara. Dzhokhar Dudayev, kiongozi wa Chechnya, aliuawa kwa kombora tarehe 21 Aprili 1996 alipokuwa akizungumza kwa simu ya setilaiti. Septemba 2024 huko Lebanon, vifaa vidogo vya kupokelea ujumbe, vilivyonunuliwa na Hezbollah ili kukwepa hatari ya simu, vililipuka mikononi mwa wenyewe.

Je, dola ijibu kwa kuzima simu? Mei 2013 Nigeria ilizima mawasiliano ya simu katika majimbo ya Borno, Yobe na Adamawa. Waasi walikosa simu. Mwanakijiji naye akakosa njia ya kuita msaada. Na penye ukimya, uvumi hujaza nafasi. Katika Cabo Delgado waandishi wa habari walizuiwa na baadhi yao kukamatwa, na kwa kufanya hivyo uwanja wa habari ukaachiwa waasi.

Kazi ya kada

Tumjibu sasa kijana wetu. Simu ingeweza kuharakisha habari za FRELIMO, na ingeweza pia kumwonyesha Mreno kila kambi ilipo. Ushindi ulitokana na imani ya wananchi, na imani hiyo ilijengwa kwa shule, zahanati na ukweli.

Hilo halijabadilika. Kijana asiye na kazi, anayeona rubi ya Montepuez na gesi ya Palma zikichimbwa huku yeye akibaki mikono mitupu, ana sikio lililo wazi kwa yeyote atakayempa maelezo. Mhubiri wa chuki humfikia kwa simu. Je, sisi tunamfikia kwa nini?

Kada anayesubiri waraka kutoka juu wakati uvumi umekwisha kuzunguka kijiji amekwisha kushindwa. Anayeficha kosa letu wenyewe hataaminiwa siku atakaposema kweli. Balozi wa nyumba kumi anayejua nani ana shida, nani ametoweka na nani amerudi na fedha zisizoelezeka, anajua mambo ambayo hakuna mnara unaoweza kuyanasa. Lakini atayajua tu ikiwa watu wanamfungulia mlango kwa hiari, na wala si kwa hofu. Tuanze hapo.