Lokitaung haikuwa ya Kenyatta peke yake

Wasee, ukitaja Lokitaung, hata sisi wa huku Namoruputh tunakimbilia Kenyatta. Sawa. Lakini kabla yake aliletwa Makhan Singh, katibu wa EATUC, muungano wa vyama vya wafanyakazi ulioanzishwa 1949. Aprili 1950, pale Kaloleni, Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili. Waziwazi! Mei akakamatwa pamoja na Fred Kubai, rais wa muungano huo. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku kadhaa. Mkoloni akamtupa Singh Turkana, mbali na watu wake. Yaani kwetu ndiko walikotupa waliowasumbua. Kubai naye alifungwa Lokitaung baada ya kesi ya Kapenguria. Singh aliachiliwa 1961. Miaka 11, na shuleni tulimpita mbio.