Namba 2 alikosea, namba 13 akatolewa



Mechi ya Jumapili hapa Rwekubo mnajua ilivyoisha. Wachezaji walimzunguka refa, mmoja akampiga ngumi mgongoni. Refa akageuka, akampa kadi nyekundu kijana aliyekuwa karibu. Kijana akaapa si yeye. Watu wakaingia uwanjani, mpira ukafia hapo, na jioni maneno hayakuwa ya mpira tena, yakawa ya Wakongo na Warundi. Ndiyo maana leo tunawaletea historia hii. Jambo kama hilo lilishatokea kwenye Kombe la Dunia.

Ilikuwa tarehe 18 Juni 1974, mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Siku hiyo ilicheza na Yugoslavia. Kichwani wachezaji walikuwa na mambo mengine, pesa walizoahidiwa walikuwa hawajazipata. Kabla hata nusu saa, magoli yalikuwa manne. Wakamzunguka refa Omar Delgado wa Kolombia kulalamika, na mmoja akampiga teke kwa nyuma.

Aliyepiga ni Mwepu Ilunga, beki, namba 2. Aliyetolewa ni Ndaye Mulamba, mshambuliaji, namba 13. Ndaye alikataa kwamba si yeye, lakini wapi! Refa alishaamua. Zaire ikabaki watu 10, ikafungwa 9-0. Wakati ule hakukuwa na VAR, hiyo imeingia Kombe la Dunia mwaka 2018 tu.

Sasa huyo Ndaye ni nani? Miezi michache kabla, kwenye Kombe la Afrika kule Misri, alifunga magoli 9 katika mashindano mamoja na Zaire ikachukua kombe. Rekodi hiyo mpaka leo haijavunjwa.

Na sisi tunamkumbuka kwa jambo lingine pia. Miaka ya 1990 alipigwa risasi mguuni nyumbani kwao, akakimbilia Afrika Kusini. Akawa mkimbizi kama sisi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, kumbe mwenzao yuko hai! Alifariki kweli mwaka 2019, Johannesburg. Mtu mmoja, mara mbili dunia ilimwandika vibaya.

Hatusemi refa ni adui. Marefa wetu hapa ni vijana wa kujitolea, hawalipwi, wanatukanwa bure. Refa ana macho mawili tu, na nyuma hana. Lakini kosa la kumkosa mwenye kosa linauma kuliko goli la kuotea, kwa sababu goli linakaa kwenye matokeo, ila jina linakaa kwa mtu. Yule kijana wa Jumapili hajarudi mazoezini mpaka leo.

Basi tunaomba mambo matatu kabla ligi haijaendelea. Kwanza, jezi ziwe na namba. Timu zetu nyingi zinacheza na fulana tupu, refa atamjuaje mtu? Mashirika, hapo mnaweza kutusaidia. Pili, refa awaulize washika vibendera kabla hajatoa kadi nyekundu. Haraka haraka haina baraka. Tatu, na hili ni letu wenyewe: aliyepiga ajitokeze. Kule Gelsenkirchen mwenye kosa aliendelea kucheza, mwenzake akatoka.

Wewe uliyepiga Jumapili, tunajua unasoma hapa. Njoo umsafishe mwenzako. Hatutakupiga.