Usemi wa Taarifa: Chimbuko la Kanuni na Safari Yake hadi Darasa la Kiswahili

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule za Kenya anaikumbuka orodha hii: usemi halisi unapogeuzwa kuwa usemi wa taarifa, alama za usemi huondolewa, nafsi ya kwanza huwa ya tatu, 'leo' huwa 'siku hiyo', 'kesho' huwa 'siku iliyofuata', na kiambishi -ta- cha wakati ujao huwa -nge-. Orodha hukaririwa kana kwamba imechimbuka katika lugha yenyewe. Makala haya yanadhamiria kuifuatilia historia ya zoezi hilo katika sarufi ya Kiingereza, na kuuliza iwapo sehemu yake moja, ile ya -nge-, ilistahili kuvuka bahari.

Hapana budi tuanzie mbali. Wasomi wa Uingereza wa karne ya 19 walilelewa kwa Kilatini, na humo walikutana na muundo ulioitwa oratio obliqua, yaani usemi uliopinda. Julius Caesar, katika taarifa yake ya vita vya Galia, aliutumia kwa wingi. Ariovistus, mfalme wa Wagermani, anajibizana naye kwa kirefu, lakini sauti yake hatuisikii. Twasikia tu kwamba alisema hivi na kudai vile, kila neno likipita katika kalamu ya adui yake. Katika kitabu cha saba, hata hivyo, Critognatus anasimama ndani ya ngome ya Alesia iliyozingirwa na kuwashauri wenzake wale nyama ya wale wasiofaa tena vitani badala ya kusalimu amri. Hotuba hiyo Caesar anaitoa kwa usemi halisi, baada ya kutueleza kwamba haifai kuachwa kwa sababu ya ukatili wake. Mshenzi anapewa kinywa chake pale tu kinywa hicho kinapomhukumu. Kwa mhakiki wa fasihi somo hili lina uzito kuliko kanuni zote za vitabu vya sarufi: kuchagua baina ya usemi halisi na usemi wa taarifa ni kuchagua nani asikike, na asikike kwa masharti ya nani.

Vijana wa shule za Kiingereza walizoezwa kuzigeuza hotuba za namna hiyo huku na huko. Vitabu vya utunzi wa Kilatini, kama kile cha Thomas Kerchever Arnold kilichotoka mwaka 1839, vilikuwa chakula chao cha kila siku. Kiingereza kilipoanza kufundishwa kama somo linalojitegemea, walimu waliohitaji mazoezi magumu ya kutosha kulipa somo hilo heshima walikuwa na kielelezo tayari mkononi.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu hupuuzwa. Katika Kilatini, kitenzi kikuu cha kauli iliyotaarifiwa hakikuwa na wakati wa kujitegemea. Kilikuwa katika umbo la kitenzi-jina, na wakati wake ulihesabiwa kuanzia pale msemaji wa kwanza aliposema. Kiingereza hufanya vingine. Hukibakiza kitenzi kamili na kukirudisha nyuma hatua moja: 'I am ill' huwa 'he said he was ill', na 'I will come' huwa 'he said he would come'. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliyeuita utaratibu huu urudishaji wa nyakati nyuma katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924. Kwa hiyo zoezi lilirithiwa kutoka Roma, ilhali kanuni ya nyakati ni ya Kiingereza chenyewe. Wala Kiingereza hakikuwa hivyo daima. Katika enzi yake ya kale mara nyingi kilitumia dhamira tegemezi mahali hapo, kama Kijerumani cha maandishi kinavyofanya hadi leo.

Nje ya shule, usemi wa taarifa ulikuwa na kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa ya kisiasa. Mwaka 1738 Bunge la Uingereza lilisisitiza marufuku ya kuchapisha mijadala yake. Wachapishaji walijificha nyuma ya hila: jarida la The Gentleman's Magazine lilidai kuripoti baraza la nchi ya kubuni ya Lilliput, na mwanzoni mwa miaka ya 1740 Samuel Johnson aliziandika 'hotuba' hizo kwa msingi wa habari chache mno. Marufuku ilidhoofika baada ya mwaka 1771, na katika karne ya 19 ripoti zilizokuja kujulikana kwa jina la Hansard zilikusanywa kwa kiasi kikubwa kutoka magazetini, zikiandikwa kwa nafsi ya tatu na nyakati zilizorudishwa nyuma. Mheshimiwa hakusema 'naipinga'. Iliandikwa kwamba aliipinga. Mwandishi aliyefupisha hotuba ya saa mbili kuwa aya tatu asingeweza kwa haki kuifunga kwa alama za usemi. Ni mwaka 1909 tu ambapo Bunge lilichukua kazi hiyo mikononi mwake, nafsi ya kwanza ikarejea kwenye kumbukumbu. Yamkini wanafunzi wengi waliogeuza sentensi kwa karne nzima hawakuambiwa kwamba walikuwa wakijifunza ufundi wa ukarani.

Riwaya nayo ilikuwa imekwisha kuvunja uzio. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 haina alama za usemi kabisa. Herufi kubwa ndiyo humwashiria msomaji kwamba mtu ameanza kunena. Alama hizo zilienea katika riwaya za karne ya 18, na mara tu mpaka ulipochorwa waziwazi, waandishi wakaanza kuuvuka. Jane Austen, hususan katika Emma, huacha mawazo ya mhusika yapenye ndani ya sauti ya msimulizi bila 'alisema' wala alama yoyote: nyakati ni za taarifa, mshangao na kejeli ni za usemi halisi. Charles Bally aliutambua mtindo huu katika Kifaransa mwaka 1912 na kuupa jina la mtindo huru wa taarifa. Naye Voloshinov, katika kitabu kilichotoka Leningrad mwaka 1929, aliona humo mvutano wa sauti mbili ndani ya kauli moja. Darasani, hata hivyo, masanduku yalibaki mawili.

Masanduku hayo ndiyo yaliyosafirishwa. India ilitangulia. J. C. Nesfield, aliyefanya kazi katika idara ya elimu huko, aliandika mwishoni mwa karne ya 19 vitabu vya sarufi vilivyotumika sana. Katika miaka ya 1930 kikafuata kile cha Wren na Martin, ambacho kingali kikichapishwa. (Huyo Wren ndiye P. C. Wren aliyeandika riwaya ya Beau Geste. Mtu aliyeishi kwa kuandika mazungumzo alijua vyema kwamba watu hawasemi kwa majedwali.) Katika vitabu vya jadi hiyo ugeuzaji wa usemi ukawa fundi mitambo: badilisha hiki kwa kile, upate alama. Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya utawala uleule, haikuachwa nje ya jadi hiyo.

Sasa tutazame kilichotokea zoezi lilipovikwa kanzu ya Kiswahili. Kiswahili hakikuwa kikingojea kufundishwa kutaarifu. 'Kwamba' chenyewe kimetokana na kitenzi cha kale -amba, yaani kusema. Tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu husheheni mazungumzo bila alama yoyote ya usemi, na msikilizaji hapotei. Tunalo pia 'eti', neno linalotaarifu na kutilia shaka kwa pumzi moja: 'Eti ni mgonjwa.' Sijapata kuona jedwali la usemi wa taarifa lililolipa nafasi.

Kuhusu nyakati, Kiswahili kinakaribia Kilatini kuliko Kiingereza. 'Alisema anaumwa' maana yake ni kwamba maumivu yalikuwapo aliposema. 'Alisema atakuja' huhesabu ujio kuanzia pale aliposema, na hakuna anayedhani kwamba tungali tukimsubiri. Basi -nge- ilitoka wapi? Kwa maoni yangu ilitoka katika neno 'would', ambalo katika Kiingereza hubeba kazi mbili: wakati ujao uliotazamwa kutoka jana, na sharti lisilotimia. Kiswahili hakijaziunganisha kazi hizo. Aliyetunga kanuni alifasiri neno badala ya kazi yake.

Hasara si ndogo. Tuchukue mhusika anayemwambia mpwawe, 'Nitakulipia karo.' Tukiandika 'alisema atamlipia karo', tuna ahadi, na hadithi bado iko wazi. Tukiandika 'alisema angemlipia karo', msomaji aliyelelewa na lugha hii anauliza mara moja: kama nini? Nini kilimzuia? Tumemgeuza mwahidi kuwa mtoa udhuru.

Watakuwapo watakaosema kwamba lugha hubadilika, na kwamba kizazi kilichosomeshwa hivi sasa huandika 'angefika' bila kuwaza sharti lolote. Hoja hiyo ina nguvu, na mhariri wa leo hawezi kuyafuta maandishi yote hayo. Lakini mabadiliko yaliyoletwa na mtihani si sawa na yale yaliyoletwa na wasemaji. Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, Kiswahili kilikuwa somo la lazima, na swali la usemi wa taarifa lilikuwa mgeni wa kawaida katika karatasi zake. Mtoto wa Lamu au Vanga aliyeandika 'alisema atakuja', kama asemavyo nyanyake, alikuwa katika hatari ya kukosolewa katika lugha yake ya kwanza kwa kosa la kutofuata Kiingereza.

Wenzetu wanaoandaa miongozo ya kusahihisha wanaweza kuanza na jambo dogo: kuyakubali majibu yote mawili, kisha kumwomba mtahiniwa aeleze tofauti iliyopo baina ya 'alisema atakuja' na 'alisema angekuja'.