Jukwaa Lililojinyima Maneno: Robert Serumaga, Naguru na Suala la Kiswahili Kampala

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hoja zinazosikika zaidi kuhusu uamuzi huo ni za biashara na mtangamano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makala haya yanaingia kwa mlango mwingine. Yanatazama kazi ya mtunzi na mwigizaji Robert Serumaga, ambaye katika miaka ya 1970 alitafuta lugha moja ya jukwaa kwa nchi yenye lugha nyingi, akaishia kuyaacha maneno yenyewe.

Serumaga alizaliwa Buganda mwaka 1939, akasomea uchumi katika Trinity College, Dublin, na kurejea nyumbani katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Alianzisha kikundi cha Theatre Limited, akaandika tamthilia na riwaya moja, Return to the Shadows (1969). Kazi hizo za awali zilitungwa kwa Kiingereza na zililenga hadhira iliyozoea kwenda Jumba la Maonyesho la Taifa, lililofunguliwa Kampala mwaka 1959. Katika Majangwa alimchukua mpiga ngoma wa barabarani ambaye, pamoja na mkewe, amelazimika kuuza hata aibu yake ili apate chakula. Ni tamthilia inayomuuliza msanii anaigiza kwa ajili ya nani. Inafaa kuuliza pia, kwa lugha ya nani?

Swali hilo lilikuwa na jibu la kila siku upande wa mashariki wa mji. Serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga nyumba za kupangisha wafanyakazi wa Kiafrika huko Nakawa na Naguru. Wapangaji wengi hawakuwa Waganda: walikuwamo Waacholi, Walango, na Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti humo katika miaka ya uhuru, akachapisha kitabu mwaka 1969 na baadaye sura kuhusu uteuzi wa lugha katika mitaa hiyo miwili. Nyumba za Naguru zilikuwa za hadhi ya juu kuliko za Nakawa, na Kiingereza kilikuwa alama ya hadhi hiyo. Lakini Kiswahili kilikuwa daraja kati ya majirani wasioelewana kwa lugha za makwao. Hakikuwa na amri wala mtaala. Kilitumika kwa sababu kilifaa.

Daraja hilo lilipata pigo la kwanza mwaka 1970, serikali ya Milton Obote ilipowafukuza wafanyakazi wa Kenya. La pili lilikuwa zito zaidi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Naguru palikuwa makao ya Kitengo cha Usalama wa Umma, kikosi cha polisi kilichoundwa kwa madai ya kupambana na wanyang'anyi wenye silaha, walioitwa makondo. Kiligeuka chombo cha mateso na mauaji. Jina la kilima likaanza kutajwa kwa kunong'ona. Lugha ya amri jeshini, tangu enzi za King's African Rifles, ilikuwa Kiswahili, na wananchi wengi wa kusini mwa nchi walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani. Kisha mwaka 1973, baada ya wawakilishi wa wilaya 12 kukiunga mkono dhidi ya 8 zilizochagua Kiganda, Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Ilikuwa hoja nzuri iliyowekwa mikononi mwa msemaji mbaya.

Katika mazingira hayo Serumaga alibadili njia. Kikundi chake kipya, Abafumi, yaani wasimulizi, kiliandaa Renga Moi (1972) kutokana na simulizi ya Kiacholi: shujaa anayepaswa kukamilisha tambiko la watoto wake pacha huku kijiji kikishambuliwa, na anayelazimika kuchagua. Lugha kadhaa za Uganda zilichanganywa na nyimbo, ngoma na miondoko, kiasi kwamba mtazamaji hakuhitaji kuzijua zote. Mwaka 1975 igizo hilo lilioneshwa London katika World Theatre Season. Katika Amarykiti (1974) maneno yalikaribia kutoweka kabisa.

Wahakiki wengine huieleza hatua hiyo kwa athari za Grotowski na tamthilia ya Ulaya. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni nusu. Kundi la maonyesho la Chuo Kikuu cha Makerere lililozunguka vijijini kuanzia mwaka 1965 lilitumia lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Kwa hiyo njia hiyo ilikuwa wazi kabla ya 1971. Kilichofuata ni kwamba Kiingereza kiliwaacha wengi nje, Kiganda kilibeba ugomvi wa kisiasa wa 1966, na Kiswahili kilinuka baruti. Mwili ulibaki kuwa lugha pekee isiyo na deni. Tena neno lisilotamkwa haliwezi kunukuliwa katika jalada la mashushushu.

Tahadhari hiyo haikuwa ya bure. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia za Kiganda na kiongozi wa Jumba la Maonyesho la Taifa, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos. Serumaga aliingia katika harakati za uhamishoni. Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania waliuteka Kampala, na wakazi wakasikia Kiswahili kile kile kikiamuru, safari hii kwa niaba ya wakombozi. Serumaga alikuwa Waziri wa Biashara katika serikali fupi ya Yusufu Lule, kisha akarudi uhamishoni. Alifariki Nairobi mwaka 1980.

Mwaka 2005 Katiba ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2011 wapangaji wa Nakawa na Naguru waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa kupisha mradi wa mji mpya. Mwalimu wa Kiswahili anayepangiwa shule ya Kampala leo huenda akakutana na wazazi ambao kwao lugha hii bado ni sauti ya askari mlangoni, na mtaala aliopewa umeanza kana kwamba hakuna aliyewahi kuisikia.